Nani kamshika nani: neno moja la Kiingereza kwa wafasiri wanaoanza

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa dodoso. Dada mmoja aliyekuwa anasoma shahada ya pili aliniletea kurasa nne za Kiingereza siku ya Ijumaa, akazitaka kwa Kiswahili kabla ya Jumatatu, kwa sababu shule za sekondari alizokuwa anakusanyia data zilikuwa karibu kufungwa. Juu ya ukurasa wa kwanza paliandikwa 'communication apprehension'. Nilifungua kamusi, nikaona 'ufahamu' mle ndani, nikaridhika, nikaandika kwa herufi kubwa: DODOSO LA UFAHAMU WA MAWASILIANO. Nilimaliza Jumamosi usiku, nikajiona fundi.

Kipimo chenyewe ni maarufu. Mwenye wazo lake ni Mmarekani James McCroskey, aliyeanza kuliandikia mwaka 1970, na toleo linalotumika sana lina sentensi 24: sita kuhusu majadiliano ya kikundi, sita kuhusu mikutano, sita kuhusu mazungumzo ya ana kwa ana, sita kuhusu kuhutubia. Kila sentensi unaipa alama kuanzia 1 hadi 5, na hesabu ya mwisho inaangukia kati ya 24 na 120. Alama zikipanda, maana yake mtu anaogopa zaidi kusema mbele ya wenzake. Anaogopa. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba anafahamu. Kwa kichwa changu kile, mwanafunzi mwenye alama 110 alikuwa bingwa wa mawasiliano, kumbe ndiye yule anayelowa jasho akiambiwa asimame ataje jina lake.

Msimamizi wa yule dada aliligundua kosa nakala zikiwa zimeshatolewa stesheneri na kubanwa pini. Nilirudisha pesa zote, nikaongeza za fotokopi. Dada wa watu hakunigombeza. Aliniuliza tu, kwa upole, kama nilikuwa nimezisoma zile sentensi 24 kabla ya kukitafsiri kichwa. Sikuwa nimezisoma. Nilianzia juu, kama mtu anayesoma gazeti.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii, hasa mnaoanzia kwenye nyaraka za mahakama, hospitali na vyuo, kwa sababu neno hilo, 'apprehension', bado linawaangusha watu wazima. Kila mwanagenzi aliyekaa mezani kwangu kalikosea angalau mara moja, na kila mmoja kalikosea kwa namna yake.

Kamusi zitakwambia kwamba 'apprehension' lina maana tatu: kukamatwa, kuelewa, na hofu. Ukiishia hapo utadhani ni ajali, kama paa la nyumba na paa wa porini, maneno mawili yaliyojikuta yana sauti moja. Sivyo. Hapa ni zaidi kama mkono: mkono wa mtu, mkono wa kanzu, mkono wa idi. Kitu ni kimoja, kimeenea.

Mzizi wake ni kitenzi cha Kilatini, prehendere, yaani kushika, kutia mkononi. Kiingereza kililipokea neno hili likiwa na maana ya akili kwanza, mwishoni mwa karne ya 14: kushika jambo kichwani. Maana ya kukamata mhalifu ilikuja karne ya 16. Ile ya hofu, ambayo leo ndiyo inayosikika zaidi kwenye maongezi, ilishika kasi kuanzia miaka ya 1600 hivi. Ndugu zake wametapakaa kila mahali, hata Kiingereza chenyewe kimewasahau. Neno lao la gereza, 'prison', limetoka huko huko kwenye kushika. 'Surprise' pia, kushikwa ghafla. Na 'apprentice', yule anayewekwa kwa fundi ajifunze kazi, limepitia Kifaransa apprendre, kujifunza. Kwa hiyo wewe mwanagenzi unayesoma haya, spana boi wa gereji ya maneno, ni jamaa wa damu wa neno linalokusumbua.

Sasa kiache Kilatini, usikilize watu kwenye daladala. Polisi wamemshika. Hofu imemshika. Mtoto ameshika somo. Maana zote tatu zimo kwenye kitenzi kimoja cha Kiswahili, na hakuna abiria anayegeuka kuuliza ulimaanisha nini. Ilinichukua miaka kuliona hili, na nilipoliona nilijicheka, maana jibu lilikuwa kinywani mwangu tangu utotoni.

Hatuchanganyikiwi kwa sababu sentensi ya Kiswahili inatulazimisha kusema nani anashika na nani anashikwa. Mtoto ameshika hesabu: akili ni mkono, hesabu ni kitu. Mtoto ameshikwa na hofu: akili ndiyo kitu, na mkono ni wa jambo ambalo halijafika. Mtoto ameshikwa na polisi: hapo mwili mzima ndio kitu. Kiingereza kikishalifanya neno kuwa nomino kinaificha mikono yote miwili, kinakupa 'apprehension' limekaa peke yake katikati ya sentensi. Kazi yako ni kuitafuta ile mikono. Kabla hujaandika chochote jiulize: nani kamshika nani?

Jaribu kwenye sentensi halisi. 'The apprehension of the suspect': mtuhumiwa kashikwa, basi ni kukamatwa kwa mtuhumiwa. 'The child's apprehension of number': mtoto kashika, basi ni uelewa wake wa namba. 'Her apprehension about the interview': usaili ndio umemshika yeye, basi ni wasiwasi. Utaona kwamba vihusishi vidogo vinasaidia. Likifuatwa na 'about', 'at' au 'over', karibu kila mara ni hofu. Mwenye kuleta taabu ni 'of', kwa kuwa anakubali maana zote tatu bila kuona haya.

Wingi nao una ujanja wake. 'Apprehensions' kwenye riwaya ni hofu za mtu. Kwenye ripoti za kikosi cha mpakani cha Marekani, kwa miaka mingi neno hilo hilo limekuwa hesabu ya watu waliokamatwa wakivuka. Mwanagenzi mmoja aliniletea rasimu ya habari inayosema 'hofu katika mpaka wa kusini zimeongezeka'. Sentensi ilikuwa nzuri, hata ina ushairi. Lakini jedwali lililokuwa chini yake lilikuwa na idadi kwa kila mwezi, na hofu haihesabiwi kwa vichwa.

Kuna vizazi vya neno hili ambavyo havina utata tena, vishike moja kwa moja. 'Apprehensive', kwa Kiingereza cha leo, ni mwenye wasiwasi, basi. Zamani iliweza kumaanisha mwepesi wa kuelewa, na ukikabidhiwa barua ya karne ya 17 uwe macho. 'Misapprehension' kinyume chake haina hofu ndani yake hata chembe: ni kuelewa vibaya, dhana potofu. Nimeshaona 'hofu isiyo sahihi' ikisimama mahali pake kwenye barua ya wakili, na mteja akajibu kwamba yeye hakumwogopa mtu.

Kwenye sheria ndiko kunakodai muda wako mwingi, kwa hiyo nami nitakaa hapo kidogo.

Tanzania ilibadilisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kenya, kwa Katiba ya 2010, mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi ana haki ya mkalimani bila kulipa. Maana yake kazi ipo na itaongezeka. Lakini sheria zenyewe zimezaliwa kwenye Kiingereza cha Uingereza, na maneno yake yamebeba vitu ambavyo kamusi ya kawaida haivisemi.

Chukua shambulio. Kwa sheria ya Kiingereza mtu anaweza kukushambulia bila kukugusa hata unywele. Inatosha akikufanya 'apprehend' kwamba unapigwa sasa hivi. Wengi hapa wanaandika 'akikutia hofu ya kupigwa'. Inasomeka vizuri na ni kosa. Sheria haidai uogope. Inadai uone kwamba pigo linakuja. Bondia aliyerushiwa ngumi na mlevi, akaiona, akatabasamu, akainamisha kichwa ikapita, kashambuliwa sawasawa na yule aliyetimua mbio. Sasa fikiria umeandika 'hofu'. Wakili wa upande wa pili anasimama: je, uliogopa? Mlalamikaji ni mwanamume mzima, wakwe zake wamekaa kwenye benchi la nyuma. Atajibu nini? Atasema yeye haogopi mtu. Na hapo ufasiri wako umempotezea kesi.

Wanasheria wenyewe hulifundisha jambo hili kwa kesi za zamani, na ninyi zisomeni, zina ladha ya hadithi. Mwaka 1669 huko Uingereza Tuberville aliweka mkono kwenye mpini wa upanga wake akamwambia Savage kwamba kama usingekuwa msimu wa mahakimu kuwapo mjini, asingeyavumilia maneno yake. Je, alimshambulia? Mahakama ilisema hapana. Mkono ulikuwa kwenye upanga, ndiyo, lakini maneno yalisema kwamba leo sichomoi. Hakukuwa na pigo la kuliona likija. Mwaka 1830 ikaja nyingine, kinyume chake: kwenye mkutano wa parokia mtu aliyekasirika aliinuka na ngumi yake kumwendea mwenyekiti, akazuiwa njiani kabla hajamfikia. Hilo likahesabiwa shambulio. Kilichopimwa ni ukaribu wa ngumi, wala si kiasi gani mwenyekiti alitetemeka. Na mwaka 1997 mahakama ya juu ya huko ikafika hadi kwenye simu: mtu anayepiga simu akakaa kimya bila kusema neno anaweza kuwa anashambulia, ikiwa kimya chake kinamfanya anayepokea aone kwamba anaweza kudhuriwa wakati wowote kuanzia sasa.

Ukilileta swali langu hapa, nani kamshika nani, utapata jibu la ajabu: akili ndiyo inayoshika, kama kwenye kuelewa, ila inachokishika ni jambo ambalo halijafika, kama kwenye hofu. Ndiyo maana neno moja la kamusi halitoshi. Mimi huandika 'kutambua kwamba yu karibu kupigwa', au 'kuona pigo linakuja', kutegemea ni hati au ni ukalimani wa mdomo. Kuna wanaopenda 'kutarajia'. Sipendi. Mtu anatarajia mgeni, anatarajia mtoto, anatarajia mshahara. Akikwambia anatarajia makofi utadhani kayaagiza.

Halafu kuna 'reasonable apprehension of bias', ambayo utakutana nayo pale mtu anapoomba hakimu ajitoe kwenye kesi. Hiyo nayo si hofu wala si ufahamu. Swali linaloulizwa ni kama mtu mwenye busara, anayeyajua mambo yote ya kesi, angehisi kwamba hakimu huenda ana upande. Hapo neno letu ni shaka. Shaka ya msingi kwamba hakimu ameegemea upande mmoja. Nilipolipata hilo nilifurahi siku nzima. Furaha za kazi hii ni ndogo ndogo namna hiyo.

Kwenye hati za polisi mambo ni mepesi, nitapita haraka. Kukamata ndilo neno la hati. 'Kumtia mbaroni' na 'kumtia nguvuni' ni ya magazeti, usiyapeleke kwenye hati ya kukamata.

Turudi kwenye hofu, maana nako watu wanajikwaa, ila kwa namna ya uvivu: wanaandika 'hofu' wakaendelea. Hofu ya 'apprehension' ni ya jambo la mbele. Ukikutana na simba uso kwa uso, hiyo si 'apprehension'. Unapoambiwa kijijini kuna simba na wewe bado unafunga mizigo, ndipo. Kiswahili kina akiba kubwa ya maneno hapo. Woga ni tabia ya mtu, hofu ni hali inayokuja na kuondoka, kwa hiyo usimwite mgonjwa mwoga kwa kuwa tu muuguzi aliandika 'apprehensive' kwenye faili. Wasiwasi ni Kiarabu cha mnong'ono, ile sauti ndogo inayorudia rudia sikioni, na mara nyingi ndilo neno linalokaa sawa. Kiherehere kilikuwa neno zuri la moyo unaodunda kwa kusubiri, lakini Dar es Salaam kimeshageuka kuwa kimbelembele. Ukikiandika kwenye fomu ya hospitali watu watacheka.

Neno ninalolipenda kuliko yote ni kuchelea. Vijana wengi hawalitumii na sijui nani aliwaambia limezeeka. Nachelea mvua isije ikatukuta njiani. Anachelea kumwambia baba yake. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Ndani ya kuchelea kuna hofu, kuna kutazama mbele, na kuna akili inayofanya kazi, kwa sababu huwezi kuchelea jambo usilolifikiria. Katika Kiswahili sijaona neno linaloikaribia 'apprehension' kuliko hilo.

Lilinisaidia kwenye mwongozo wa mazoezi ya viungo. Kuna kipimo cha bega kinachoitwa 'apprehension test': mtabibu anauinua mkono wa mgonjwa pembeni, kiwiko kimekunjwa, kisha anauzungusha taratibu kuelekea nyuma. Mtu ambaye bega lake limewahi kuteguka, ukifika mahali fulani, anakaza misuli, anakunja uso, anakuzuia. Bega halijateguka. Anaona kwamba linataka kuteguka. Kijana niliyempa sura ile aliandika 'jaribio la uelewa'. Hakuridhika na hapo: kwa kuwa maelezo hayakumwingia akilini, aliyanyoosha mwenyewe hadi mgonjwa akawa anaulizwa maswali huku ameinua mkono, kama mwanafunzi darasani. Nilimwita tukafanya kipimo chenyewe pale ofisini, mimi nikiwa mtabibu. Kwenye mwongozo tukaandika 'kipimo cha kuchelea bega kuteguka'. Ni kirefu, mteja alilalamikia urefu, nikamwambia bega lenyewe halilalamiki.

Somo la siku ile lilikuwa zaidi ya neno. Ukijiona unaanza kuyanyoosha maelezo ya mtu ili yakubaliane na neno ulilolichagua, simama. Mwandishi wa mwongozo anajua kazi yake. Aliyekosea ni wewe.

Upande wa kuelewa nitausemea kitu kimoja tu. Wanafalsafa wa Kiingereza hupenda kutenganisha 'apprehend' na 'comprehend'. La kwanza ni kulidaka jambo, kulipata kwa upande mmoja. La pili ni kulizunguka lote. Wazo hilo ni la kale kuliko Kiingereza chenyewe. Cicero, mwandishi wa Roma ya kale, anasimulia kwamba Zeno, aliyeanzisha falsafa ya Wastoa huko Athene, alikuwa akilifundisha kwa mkono wake. Anaonyesha kiganja kilicho wazi, vidole vimenyooka: hivi ndivyo jambo linavyokufikia. Anakunja vidole kidogo: hivi ndivyo unavyolikubali. Anafumba ngumi: hivi ndivyo unavyolishika. Kisha analeta mkono wa kushoto, anaibana ile ngumi kwa nguvu: huo sasa ndio ujuzi, na kwake yeye alikuwa nao mwenye hekima peke yake. Ukipewa maandishi ya falsafa, usiandike 'kuelewa' kila mahali. Kung'amua, kutambua, kudaka, kufahamu, kuelewa, kila moja lina vidole vyake.

Hapo kuelewa kunanivurugia kanuni yangu, lazima nikiri. Nimesema anayeelewa ndiye anayeshika. Lakini kuelewa kwenyewe ni kitenzi cha kutendwa: wazee walisema 'neno limenielea', yaani limenikalia wazi, na mimi niliyeelewa ndiye niliyefanyiwa. Kwa Kiswahili, basi, kuna kuelewa ambako jambo ndilo linalokujia. Vijana wa mtaani wamerudi kwenye mkono: nimekupata, nimekusoma. Msinitake nilitatue hilo. Kanuni ya nani kamshika nani inafaa kwa kuusoma Kiingereza. Kwa kuandika Kiswahili fuateni masikio yenu.

Wenzetu wa Bujumbura na Lubumbashi wanaotafsiri kutoka Kifaransa wana tatizo lile lile na la ziada. Kitenzi appréhender kina kukamata, kuogopa na kuelewa vyote ndani yake, na apprendre kinaweza kuwa kujifunza au kufundisha. Mara nyingi kwenye ripoti zao appréhender ni namna ya kulitazama suala tu, kulishughulikia. Mkiwa mnagawana kazi na mtu wa huko, mpeni sentensi nzima kila mnapoulizana. Neno peke yake kwenye ujumbe wa simu halina faida.

Kuhusu programu za kutafsiri zenye kumbukumbu: zinafaa, natumia kila siku, na ndizo zilizoniponza mara ya pili. Nilikuwa nimetafsiri nyaraka za polisi kwa miezi, programu ikajifunza kwamba 'apprehension' ni 'kukamatwa'. Kazi iliyofuata ilikuwa ya kliniki ya wajawazito. Nikiwa nimechoka, saa sita usiku, nikawa nakubali tu kila inachokipendekeza. Kijitabu kilitaka kuwaambia akina mama kwamba ni kawaida kuwa na wasiwasi mwezi wa tisa ukikaribia. Toleo langu liliwaambia kwamba ni kawaida kukamatwa. Mhariri alilidaka, Mungu ambariki, kabla halijaenda kuchapwa. Tangu hapo kumbukumbu ya sheria na kumbukumbu ya afya naziweka mbali mbali, na kwenye faharasa yangu sikuandika tena 'apprehension' na neno moja mbele yake. Naandika sentensi nzima, moja ya kila aina, na Kiswahili chake kizima.

Limebaki jambo gumu kuliko yote, na sina dawa yake kamili. Wapo waandishi wanaozitaka maana mbili kwa mpigo. Shakespeare alizijua zote. Kwenye tamthilia ya Hamlet, mwana wa mfalme anamsifu binadamu kwamba kwa 'apprehension' anafanana na mungu, na hapo ni akili tupu, hakuna hofu. Miaka michache tu baadaye, kwenye Measure for Measure, Isabella anamwambia kaka yake aliyehukumiwa kufa kwamba uchungu wa kifo uko zaidi kwenye 'apprehension'. Ukiandika hofu umepunguza, ukiandika ufahamu umepunguza. Mshika mbili moja humponyoka, na wahenga walikuwa kama wanatusema sisi. Hapo mimi huliacha neno lenyewe, naenda kwenye maana: kifo huuma zaidi kikiwa bado kinakuja. Nomino imepotea, lakini kifo kimebaki na uchungu wake.

Mwaka juzi nilipewa hadithi fupi. Mwandishi wake ni wa Mombasa, anaandika kwa Kiingereza, na alitaka tuitoe kwa Kiswahili. Ndani yake kuna kijana anayeuza vitu vya wizi. Anakaribia nyumbani usiku, anaona taa ya barazani imezimwa, na mwandishi anasema alisimama 'in sudden apprehension'. Mistari mitatu mbele askari wanatokea gizani. Nilijua kabisa kwamba bwana yule amelichagua neno makusudi: kijana kaelewa, kaogopa, na anakaribia kukamatwa, yote kwa pigo moja. Nilikaa nalo siku nne. Niliandika akashikwa na wasiwasi, nikafuta. Niliandika akang'amua, nikafuta. Nikaandika akachelea, lakini kuchelea ni kwa mtu aliyekaa na kuwaza, na huyu alikuwa na sekunde moja.

Siku ya tano nilikuwa kituo cha basi, kondakta anamsimulia mwenzake kuhusu kibaka wa Mbagala aliyeponyoka: 'Machale yalimcheza, akageuza.' Nilichomoa simu nikaandika pale pale.

Mwandishi alikataa. Alisema machale ni ya Tanzania Bara, mama yake Mombasa hatalielewa, yeye angetaka 'moyo ulimwambia'. Nikamjibu kwamba moyo unaweza kumwambia mtu hata habari njema. Machale hayajawahi kumcheza mtu kwa jambo la heri. Tulibishana kwa simu kama saa nzima, tukakata bila kuelewana. Kwenye kitabu kilichochapwa kijana anasimama barazani na machale yake, na mama wa Mombasa, nimeambiwa, aliuliza ni kitu gani, akajibiwa, akasema aa, hayo hata mimi ninayo.